Sura ya 7: Chumvi, Vumbi na Chelewa

Nunua boksi la lori la plastiki la kipimo cha 1:24, la Italeri ya Italia au la Revell ya Ujerumani, ulijenge kwa kufuata karatasi ya maelekezo hadi hatua ya mwisho, na utapata gari ambalo halijawahi kubeba kitu. Springi zimekaa juu, tairi ni duara kamili, bampa halina mkwaruzo, na vioo vya pembeni ni vizima vyote viwili. Lori la namna hiyo likipita barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, pwani ya kusini ya Kenya, watu wa Ukunda watageuza shingo kulitazama. Malori yao yana kazi, na kazi huacha alama.

Wajenzi wengi hudhani dawa yake ni kununua zaidi: vipande vya shaba vilivyochongwa kwa asidi, taa za ziada, honi zinazong'aa, ngazi ndogo za kubandika. Sina ugomvi na vipande hivyo. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa fikra. Amua kwanza lori lako linafanya kazi gani kati ya Likoni na Vanga, ndipo uulize liongezwe nini. Kila kitu kidogo kiwe kimeletwa na shehena, au na barabara, au na bahari. Kisicho na mleta kibaki ndani ya boksi.

Tuanze na unene, maana ndio unaolisaliti gari hata mbele ya mtu asiyejua malori. Vipande vingi vya boksi vina unene wa karibu milimita 1. Zidisha kwa 24 upate milimita 24, yaani kama inchi nzima. Hakuna fundi wa bodi duniani anayekunja madigadi ya chuma cha inchi moja. Ukuta wa mkebe wa soda, kwa upande mwingine, una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mara 24 ni milimita 2.4, na huo ndio unene wa bati ambalo fundi wa bodi hulikata kila siku. Kwa hiyo mkebe uliookotwa ufuoni Diani unakupa madigadi, kifuniko cha betri, mabano ya taa za nyuma na vibao vya namba, vyote kwa unene wa kweli. Ufungue kwa mkasi, uusugue rangi kwa msasa laini, uulaze juu ya kioo na kuunyoosha kwa mgongo wa kijiko. Una faida nyingine ambayo plastiki haiwezi kukupa: ukiubonyeza kwa ncha ya kalamu, hubonyea vile vile bati la lori linavyobonyea likigongwa.

Watoto wa Msambweni wanajua mengi ya haya bila hesabu. Gari la makopo lenye magurudumu ya champali zilizokatika halifanani na chapa yoyote, lakini litazame linavyokwenda. Mtoto ameliwekea springi za mkanda wa kufungia mizigo, amelitundikia vipande vya mpira nyuma ya tairi, na amelijaza mchanga mpaka limelala nyuma. Uzito ameuona kwanza, sura ikafuata. Mjenzi wa plastiki huanza na sura na mara nyingi huishia hapo hapo.

Usukani ni jambo la pili, na linawatesa hata mabingwa. Malori ya Ulaya yanayouzwa kwenye maboksi kwa kawaida yana usukani kushoto, nasi tunaendesha kushoto mwa barabara, usukani ukiwa kulia. Kuhamisha usukani na dashibodi ni kazi ya jioni moja. Kinachosahaulika ni kingine. Waipa za gari la usukani wa kulia hulala kinyume na zile za gari la usukani wa kushoto. Chini ya chasi, boksi la usukani na fimbo inayokwenda kwenye gurudumu la mbele vinapaswa kuwa upande wa kulia pia, na ukilipindua lori mtu aone. Pedali zifuate. Ukitaka kuepuka taabu yote hiyo, tafuta maboksi ya Kijapani. Japani nayo huendesha kushoto, na Aoshima ya Shizuoka hutoa malori ya nchi hiyo kwa kipimo cha 1:32, usukani ukiwa tayari mahali pake. Kipimo ni kidogo kuliko 1:24, kwa hiyo hesabu zote za sura hii zigawanywe upya, lakini sura zake ni zile tunazozijua. Fuso na Hino ni wenyeji wa barabara hii, na Isuzu ndiyo kabisa. Kampuni inayoziunganisha Isuzu jijini Nairobi iliitwa General Motors East Africa mpaka mwaka 2017 ilipochukua jina la Isuzu East Africa. Mombasa nako, kiwanda cha AVA huunganisha malori ya chapa kadhaa.

Lakini angalia: kiwanda hutoa kichwa na chasi. Bodi ni ya fundi. Hapo ndipo lori letu linapoachana kabisa na picha ya kwenye boksi, lililokuja na trela ya friji ya Ulaya au ya mapazia. Itupe, au iweke akiba ya vyuma. Bodi ya hapa ina mbavu za wima zilizochomelewa kwa nje, bawaba nene za milango, na pete za kufungia kamba kila baada ya hatua. Mbavu hazilingani sana kwa nafasi, maana fundi alipima kwa futi na jicho. Usizipange kwa rula ya kompyuta. Viungo vya kuchomelea unavipata kwa kulaza uzi mwembamba wa plastiki iliyovutwa juu ya mshumaa, kuulainisha kwa gundi, kisha kuuchomachoma kwa ncha ya kisu.

Sasa shehena, ambako ndiko ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Ramisi, kusini mwa Msambweni, palijengwa kiwanda cha sukari mwaka 1927. Kilikufa mwaka 1988, na miwa ya eneo hilo ilisubiri mpaka kampuni ya KISCOL ilipokuja kuifufua kuanzia 2007. Mengi yamesemwa na bado yanasemwa kuhusu ardhi ya mashamba hayo, na hiki si kitabu chake. Kinachotuhusu ni trela ya miwa: kizimba cha nguzo za chuma, kisicho na kuta, kilichojazwa mpaka juu ya kichwa cha gari. Muwa wenye unene wa sentimita 3 huwa milimita 1.25 kwa kipimo chetu, na muwa wa mita 2 huwa milimita 83. Ukienda kwenye duka la vifaa vya wajenzi wa Ulaya utauziwa fito za plastiki za unene huo huo, zilizonyooka kama sindano, kwa bei ya kukuliza. Nyumbani kwako kuna fagio la chelewa. Uchelewa ni mnene upande wa shina na mwembamba nchani, umepinda kidogo, na hakuna chelewa mbili zinazofanana, kama muwa wenyewe. Fagio moja linajaza trela nzima.

Kata miwa hii ya chelewa kwa urefu unaotofautiana, kati ya milimita 70 na 90. Ipake maji ya rangi ya kijani iliyochanganywa na njano, michache uipe zambarau hafifu, kisha kwa kalamu nyembamba ya kahawia uchore pingili, moja kila milimita 5 hivi. Usichore shehena yote: tabaka la nje linatosha, ndani weka sifongo au karatasi iliyofinyangwa. Ncha zitokeze katikati ya nguzo, nyingine zivunjike. Majani makavu ni vipande vya karatasi ya sigara iliyolowekwa chai. Machache yakwame kwenye chasi, juu ya ekseli na nyuma ya madigadi, maana upepo wa gari huyapeleka huko. Upande wa nyuma, chini, acha mwanya. Hapo ndipo vijana huchomoa muwa lori linapopunguza mwendo kwenye matuta.

Shehena nyingine za pwani ya kusini ni rahisi zaidi. Nguzo za mvinje, ambao wakulima wa Kwale huupanda kwa ajili ya ujenzi, zina unene wa kama sentimita 10, kwa hiyo ni vijiti vya milimita 4 visivyonyooka sana. Makuti utayapata kwa kukatakata ukindu wa mkeka mkuukuu na kuupanga kama vigae. Jiwe la matumbawe la inchi 9 ni kipande cha milimita 9.5, na plasta iliyokatwa kwa msumeno mdogo ina vinyweleo vile vile. Nazi ni mbegu, chagua zisizolingana.

Shehena iliyonifundisha kutazama zaidi ni mchanga wa madini. Mgodi wa Base Titanium, bara ya Msambweni kule Maumba na Nguluku, ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, na uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Katika miaka hiyo malori yalipeleka ilmenaiti na rutili mpaka Likoni, umbali wa kilomita kama 50, ili zipakiwe melini. Ilmenaiti ni nyeusi na nzito mno: kwa ujazo ule ule ina uzito unaokaribia mara mbili ya mchanga wa kawaida wa ufuoni. Maana yake kwa mjenzi ni hii: bodi iliyopakiwa ilmenaiti hufikia kikomo cha uzito wa ekseli kabla mchanga haujakaribia ukingo. Mtu asiyejua atajaza mchanga mweusi mpaka juu, lundo kama la kokoto, na gari lote litakuwa uongo. Weka shehena chini, funika turubai, kisha uonyeshe uzito mahali pengine.

Mahali penyewe ni springi. Mwonyeshe dereva wa malori kazi yako, naye hatatazama rangi kwanza. Atainama. Springi za lori lililobeba hunyooka, na bodi hushuka karibu na tairi. Ukishuka sentimita 5 kwa gari halisi, umeshuka milimita 2 kwa la kwako, na milimita 2 zinaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Katika maboksi mengi springi zimefinyangwa kwa hali ya gari tupu. Zikate katikati, zipashe moto kwa maji yanayochemka, zinyooshe, zigundishe tena, au inua mashimo ya ekseli kwa milimita hizo. Tairi nazo: lori la tani nyingi halisimami juu ya nukta. Sugua chini ya kila tairi kwa msasa mpaka papate bapa dogo, na ukiwa na mkono mwepesi, ongeza uvimbe kidogo pembeni kwa pati. Tairi za ndani na za nje za ekseli mbili za nyuma hazichakai sawa. Sijui mjenzi anayefanya hilo, ila madereva watalipenda.

Barabara huandika juu ya lori kwa vumbi, na vumbi la Kwale si moja. Ukanda wa ufuo, kuanzia Waa na Tiwi mpaka Diani na kuendelea, umelala juu ya matumbawe, na vumbi lake ni jeupe lenye unjano. Nyuma yake kuna mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita wa Magarini, na ndio uliobeba madini ya Maumba. Lori linalotoka bara kwenda Likoni huwa na wekundu uliotulia chini na ndani, na weupe juu yake. Lori la mawe ya ufuoni ni jeupe tangu mwanzo: unga umejaa kwenye kona za bodi na kuteremka kwa michirizi chini ya kila mwanya wa mlango, palipopitwa na mvua.

Usinunue poda ya rangi. Chukua udongo wenyewe, ukaushe, uponde, kisha uchuje kwa soksi ya nailoni, na uchuje tena. Punje ya milimita moja ni kokoto ya inchi nzima kwa kipimo chako. Paka kwa brashi laini iliyokauka, kisha uishike kwa tone la spiriti. Ujue kwamba udongo mwekundu ukilowa huwa mweusi na ukikauka haurudi wote, kwa hiyo anza na rangi hafifu kuliko unayoitaka. Na chagua msimu. Wakati wa kaskazi, miezi ya Januari na Februari, vumbi hupanda hata juu ya paa la kichwa. Wakati wa masika huwa tope, nalo hukaa chini ya mstari wa ekseli na nyuma ya kila gurudumu. Lori lenye vumbi juu na tope bichi chini kwa wakati mmoja linahitaji maelezo marefu.

Bahari huja na kutu. Njia iliyozoeleka ya kuiga kutu duniani kote inatumia chumvi, na kwetu hiyo ni haki yake. Paka kwanza rangi ya kutu, kahawia iliyokolea na madoa machache ya machungwa. Ikikauka, ifunike kwa vanishi. Lowesha kwa maji mahali unapotaka rangi iwe imebanduka, nyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa, ngoja ikauke na kushika. Pulizia rangi ya lori juu ya yote. Baada ya saa chache sugua kwa brashi ya meno: chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake, kutu inachungulia kwa kingo zilizokatika ovyo ambazo mkono hauwezi kuzichora. Suuza kwa maji baridi, usuuze tena. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na kwa hewa ya Diani rangi yako itavimba kabla ya mwaka kwisha.

Wapi kutu ianzie? Chini ya milango, kwenye viungo vya kuchomelea, kuzunguka nati, na mbele palipogongwa na mawe. Bodi ya chuma na nguzo za kizimba zipate zaidi. Lakini bampa na vipande vingi vya uso wa malori mengi ya leo ni plastiki, na plastiki haina kutu hata ikioshwa na mawimbi ya kivuko cha Likoni. Nimeona malori mazuri yaliyoharibiwa na bampa jekundu la kutu. Tangi la dizeli la alumini nalo huota ukungu mweupe wa kijivu, hata siku moja halipati wekundu. Tena lori linaloingiza pesa hutunzwa. Mwenyewe huliosha, huligusagusa rangi, na mara nyingi rangi ya kugusia hailingani na ya kiwandani. Kiraka hicho cha rangi kinasema mengi kuliko kilo ya kutu, nami ningekichagua kwanza.

Maandishi ni machache na yote ni ya lazima. Mlangoni jina la mwenye gari na sanduku la posta, pamoja na uzito wa gari tupu. Nyuma, mistari ya mshazari ya njano na nyekundu inayoakisi mwanga, na stika ya duara ya kilomita 80. Kibao cha namba cha mbele ni cheupe na cha nyuma cha njano, kila kimoja kama sentimita 2 kwa upana katika kipimo chetu. Juu ya kioo au kwenye mpira wa nyuma ya tairi kuna usemi wa mwenye gari, dua, au jina la mtoto wake. Yaliyochorwa kwa mkono yana kivuli upande mmoja na herufi za mwisho zilizobanwa kwa sababu nafasi ilikwisha. Usiyanyooshe. Ndani ya kichwa weka tasbihi kwenye kioo, kitambaa cha manyoya kwenye dashibodi, na nyuma ya kiti shuka la taniboi. Chini ya bodi, mtungi wa njano wa lita 20, wenye kimo cha milimita 16, na kabari ya mbao iliyofungwa kwa kamba. Kamba iwe uzi wa makumbi uliosokotwa, milimita nusu.

Namba ya trela ni tofauti na ya kichwa, na kwa Kenya huanza na herufi Z. Wajenzi huirudia ile ya kichwa nyuma ya trela, na wanakosea zaidi ya kibao. Trela huishi muda mrefu. Inaweza kuvutwa na vichwa vitatu mfululizo, imepigwa rangi mara kadhaa, tairi zake si za chapa moja, na taa zake za nyuma zimebadilishwa upande mmoja tu. Kichwa kipya kinachovuta trela kuukuu ni jambo la kila siku barabara ya Lunga Lunga, kwa hiyo vichakaze kwa siku tofauti, hata kwa rangi tofauti za vumbi. Pini ya trela usiigundishe kwenye bamba la kuunganishia. Paka bamba hilo grisi ya uongo, nyeusi yenye kung'aa, na iache ipakae kidogo pembeni. Kizimba cha miwa kikitoka, trela ya mchanga inaingia, na kichwa ni kile kile.